Vitu vinavyosafisha hewa ndani ya chombo cha angani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila yanapozungumzwa maisha ya wanaanga. Yameanzia kwenye mambo ya msingi, na yale ya pembeni yamewekwa mwishoni. Jambo likiwa limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Wanaanga wakifungiwa ndani na mitambo ikazimika, watakufa kwa kukosa oksijeni?

Hewa yao wenyewe itawaua kabla oksijeni haijaisha. Mtu mmoja hutumia takribani kilo 0.84 za oksijeni kwa siku, naye hutoa takribani kilo 1 ya hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Ukipima kwa ujazo, kinachovutwa na kinachotolewa hukaribiana sana. Kwa hiyo oksijeni ikishuka kutoka asilimia 21 hadi 17, hewa ukaa itakuwa imepanda kutoka karibu na sifuri hadi asilimia 3 na ushei.

Oksijeni hiyo ya asilimia 17 haina neno. Kwa sababu ya mwinuko wa mji wao, watu wa Nairobi kila siku huvuta oksijeni iliyopungua kwa kiasi hichohicho ukilinganisha na watu wa Mombasa, na hakuna anayelalamika. Lakini hewa ukaa ya asilimia 3 humfanya mtu ahemee juujuu na kichwa kimgonge, na ikifika asilimia 7 hadi 10 hupoteza fahamu. Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mtambo wa hewa ni kuondoa, na kuongeza hufuata.

2. Mbali na hewa ukaa, ni uchafu gani mwingine unaopatikana humo?

Ni mwingi. Binadamu hutoa mvuke wa maji, amonia ya jasho, asetoni ya pumzi, methani ya tumboni na hata kaboni monoksidi kidogo. Vifaa navyo vinapumua: plastiki, gundi, rangi na maganda ya nyaya huachia kemikali polepole kwa miezi na miaka. Huku chini hatuzijali kwa sababu upepo huzichukua. Kwenye chumba ambacho hakifunguliwi miaka zaidi ya 20, kama Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, chochote kilichotoka kitabaki mpaka kitu fulani kikikamate.

Halafu kuna vumbi: ngozi iliyobanduka, nyuzi za nguo, makombo. Angani vumbi halitui sakafuni, linaelea usawa wa pua.

3. Kuna kitu kimoja kinachosafisha vyote hivyo?

Hakuna. Kila uchafu una dawa yake, na dawa ya uchafu mmoja inaweza kushindwa na uchafu mwingine (tazama swali la 8 na la 12).

4. Kwa nini feni hazizimwi hata usiku?

Huku duniani pumzi yenye joto hupanda juu na hewa nyingine huja mahali pake bila sisi kufanya lolote. Mahali ambapo vitu havina uzito, hakuna juu wala chini kwa hewa. Mwanaanga akilala bila feni, pumzi yake hubaki imemzunguka uso kama wingu, naye huamka anatweta na kichwa kinauma. Waweza kuwa na kemikali bora kuliko zote, lakini hewa isipoletwa mpaka ilipo, haina kazi.

## Kuondoa hewa ukaa

5. Lithiamu hidroksidi ni nini, na kwa nini ndiyo iliyoanza kutumika?

Ni chembechembe nyeupe zinazojazwa kwenye makopo yenye matundu. Hewa ikipita, hewa ukaa huungana nazo na kugeuka lithiamu kaboneti, huku maji na joto vikitoka. Kwa hesabu za kikemia kilo 1 hushika hadi kilo 0.92 za hewa ukaa. Kwa kweli hupungua kidogo kwa sababu chembe hazitumiki zote mpaka kiini.

Wamarekani waliitumia katika vyombo vya Mercury, Gemini na Apollo, na baadaye katika vyombo vyao vilivyokuwa vikienda na kurudi (Space Shuttle). Hospitalini, mashine ya nusu kaputi hutumia jamaa yake wa karibu, chokaa iliyochanganywa na soda, kwa kazi ileile ya kunasa pumzi ya mgonjwa. Chokaa ni rahisi, lakini nzito. Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote, na anayelipia kila kilo inayopanda juu hawezi kulidharau hilo.

Sifa yake kubwa ni kwamba haihitaji umeme zaidi ya wa feni, wala haina valvu ya kukwama. Kasoro yake ni vumbi lake, ambalo huchoma macho na koo, hivyo kila kopo lazima liwe na chujio la kulizuia.

6. Kama ni nzuri hivyo, mbona kituo cha angani hakiitegemei?

Kwa sababu ikishashika haiachii. Chukua watu 7 kwa mwaka mmoja: watatoa zaidi ya kilo 2,500 za hewa ukaa. Hapo utahitaji karibu tani 2.8 za lithiamu hidroksidi, kabla hujahesabu makopo yenyewe, na mwaka ukiisha una lundo la taka. Kwa safari ya siku 10 ya watu 4 ni kilo 44 tu, hakuna haja ya kuhangaika na mtambo mgumu.

Swali hili ndilo ufunguo wa mengine yote yanayofuata. Watu hupenda kuuliza ni kitu gani kinachonasa hewa ukaa kwa nguvu zaidi. Kwa safari ndefu nguvu hiyo ni hasara. Kinachotafutwa ni kitu chenye mshiko wa wastani: kinase hewa ukaa inapopita, kisha kiiachie kikipashwa joto au kikiwekwa kwenye ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, na kirudie hivyo maelfu ya mara.

7. Warusi nao walitumia nini?

Walianza na njia tofauti: potasiamu superoksidi. Hii ikikutana na mvuke wa pumzi hutoa oksijeni na kubaki potasiamu hidroksidi, ambayo nayo hunasa hewa ukaa. Kazi mbili kwa kopo moja. Yuri Gagarin alipozunguka dunia tarehe 12 Aprili 1961, ndicho kitu kilichokuwa kikimpa hewa ndani ya Vostok, na vyombo vya Soyuz viliurithi utaratibu huo.

Ukitazama kikemia, huu ndio ubunifu uliokuwa wa kupendeza kuliko yote ya enzi zile. Ila potasiamu superoksidi haitaki mzaha: ikimwagikiwa maji hulipuka kwa joto, na kasi yake ya kutoa oksijeni hailingani sawasawa na kasi ya kunasa hewa ukaa, kwa hiyo lithiamu hidroksidi kidogo huongezwa ili kusawazisha. Kwa vituo vya muda mrefu, Mir na baadaye kile cha kimataifa, Warusi walihamia kwenye mtambo uitwao Vozdukh ambao hunasa na kutupa nje, tena na tena.

8. Zeolaiti hufanyaje kazi?

Zeolaiti ni fuwele za alumini, silikoni na oksijeni zilizojengeka kwa vijumba vidogo vyenye milango ya ukubwa uleule. Aina iitwayo 5A ina milango ya takribani nusu nanomita. 13X ina mikubwa zaidi. Wengi hudhani kwamba inachuja kwa ukubwa, hewa ukaa iingie na naitrojeni ibaki nje. Sivyo. Molekuli zote mbili zinapita mlangoni bila shida. Tofauti ni kwamba chaji za umeme zilizo ndani ya vijumba huivuta hewa ukaa kwa nguvu zaidi, ndiyo hukaa, naitrojeni huendelea na safari.

Tatizo ni maji. Molekuli ya maji huvutwa kwa nguvu kuliko hewa ukaa, na ikishaingia ni kama abiria aliyewahi kiti cha daladala tangu mwanzo wa njia: hashuki mpaka mwisho wa safari. Kwa hiyo hewa lazima ikaushwe kwanza.

Mtambo wa Wamarekani kwenye kituo cha kimataifa umejengwa juu ya fikra hiyo, una vitanda vinne, yaani matangi yaliyojazwa punje za kunasa. Hewa hupita kitanda cha kwanza chenye jeli ya silika na zeolaiti 13X, ikaacha unyevu. Ikiwa kavu huingia kitanda cha pili chenye zeolaiti ya kunasa hewa ukaa. Wakati huohuo, jozi nyingine inafanya kinyume: kitanda cha hewa ukaa kimepashwa joto la karibu nyuzi 200 na kufunguliwa upande wa ombwe ili kiachie, na kitanda cha unyevu kinarudisha maji kwenye hewa inayotoka. Baada ya saa mbili na ushei zamu hubadilishwa. Karibu maji yote hurudi, na hapo ndipo uzuri wa mpango huu ulipo. Maji angani ni mali.

Waliotangulia kuitumia upande wa Marekani ni wakazi wa kituo cha Skylab, mwaka 1973 na 1974. Na kwa wanaouliza: ndiyo, zeolaiti za asili zipo kwetu, kwenye tabaka za kale za Bonde la Ufa kama Olduvai na pembezoni mwa ziwa Magadi, ambako majivu ya volkano yalikutana na maji ya magadi. Zinazokwenda angani hutengenezwa kiwandani, kwani vijumba vyake lazima vilingane kabisa.

9. Zeolaiti haichoki?

Hewa ukaa yenyewe haiichoshi. Inachoshwa na kupashwa joto na kupoa, kulowa na kukauka, kubanwa na kuachiwa. Punje husuguana, zinasagika na kutoa vumbi laini mfano wa poda, na vumbi hilo husafiri na hewa hadi kwenye valvu. Sehemu kubwa ya matatizo ya mtambo ule wa vitanda vinne kwa miaka mingi haikuwa kemia, ilikuwa valvu zilizokwamishwa na vumbi, na wanaanga wakilazimika kufungua mtambo kuzisafisha.

Mwezi Agosti 2021 ulipelekwa mtambo mpya wa aina hiyohiyo, wenye vitanda vya mviringo ili punje zikae kwa kubanana bila pembe, na zeolaiti 13X mahali pa ile ya zamani. Somo lake: uimara wa punje una thamani sawa na uwezo wake wa kunasa.

10. Amini ni nini, na kwa nini chombo cha Orion kinazitumia?

Amini ni jamaa za amonia. Zikipakwa juu ya shanga ndogo za plastiki zenye matundu, hunasa hewa ukaa kwa joto la kawaida la chumbani, na zikifunguliwa kwenye ombwe huiachia bila kuhitaji kuchemshwa. Mtambo huwa mdogo na hula umeme kidogo. Wamarekani walianza nazo kwenye safari ndefu za vyombo vyao vya kwenda na kurudi, wakazijaribu kwenye kituo cha kimataifa, na ndizo zilizochaguliwa kwa Orion, chombo chao kipya cha safari za mwezini.

Ila hunasa na maji pia, na yote hutupwa nje pamoja. Kwa safari ya wiki chache hilo ni faida, maana mtambo mmoja unaondoa hewa ukaa na unyevu kwa mpigo. Kwa kituo kinachokaa miaka, ni hasara isiyovumilika mpaka kiwekwe kifaa cha kuokoa maji kabla.

11. Hewa ukaa ikishanaswa hupelekwa wapi?

Kwa miaka mingi ilitupwa tu nje. Mwaka 2010 kituo cha kimataifa kiliwekewa mtambo wa Sabatier, uliopewa jina la mkemia Mfaransa Paul Sabatier. Humo hewa ukaa hukutanishwa na haidrojeni juu ya kichocheo chenye moto (kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kuisha), na hutoka maji na methani. Maji hupasuliwa kwa umeme kupata oksijeni ya kuvuta; methani hutupwa. Kwa kuwa methani huondoka na haidrojeni, ni takribani nusu tu ya oksijeni iliyomo kwenye hewa ukaa inayookolewa.

## Uchafu mdogomdogo

12. Mkaa una kazi gani huko?

Kazi kubwa. Mkaa amilifu ni mkaa uliochomwa tena kwa mvuke au kemikali mpaka ukajaa vitundu. Gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000. Vifuu vya nazi ni miongoni mwa malighafi zinazopendwa zaidi kwa mkaa wa kusafisha hewa, kwa sababu hutoa mkaa mgumu wenye vitundu vidogo sana. Hunasa mvuke wa viyeyusho, harufu na molekuli kubwa.

Amonia huponyoka mkaa wa kawaida. Kwa hiyo mkaa wa kituo cha kimataifa hulowekwa asidi ya fosforasi, ambayo huishika amonia na kuifanya chumvi. Kwa upande mwingine, mkaa hauna uwezo na methani wala kaboni monoksidi. Hizo zinashughulikiwa na swali linalofuata.

13. Methani na kaboni monoksidi huondolewaje?

Kwa kuunguzwa bila moto. Hewa hupitishwa juu ya kichocheo cha metali iitwayo paladiamu, iliyopakwa kwenye punje za alumina (oksidi ya alumini), kwa joto la nyuzi 400 hivi. Methani hugeuka hewa ukaa na maji, kaboni monoksidi hugeuka hewa ukaa, na mtambo wa swali la 8 humalizia.

Kuna jambo moja la kuangalia. Ikiwa gesi za friji au kemikali nyingine zenye klorini na florini zimepita mkaa salama, kuunguzwa kwake hutoa asidi. Ndiyo maana baada ya kichocheo huwekwa kitanda kidogo cha lithiamu hidroksidi. Kile kilichokataliwa kwenye swali la 6 kimepata ajira mlangoni.

14. Ni kweli manukato na vipodozi vinaweza kuharibu mtambo?

Ni kweli, na kisa chake ni cha kufurahisha kwa asiyekuwamo. Kuanzia mwaka 2010, maji yaliyosafishwa kwenye kituo cha kimataifa yalianza kuonyesha kaboni isiyoeleweka. Uchunguzi ulikuta kemikali ya jamii ya silikoni iliyotokana na siloksani, vitu vinavyopatikana kwenye vilainishi, dawa za kuzuia jasho na vitambaa vya kujifutia. Siloksani huelea hewani, hugeuka na kuyeyuka kwenye unyevu, na unyevu huo ndio unaochujwa kuwa maji ya kunywa. Dawa ilikuwa kuongeza vichujio vya mkaa kwenye njia za hewa na kukagua kwa makini kinachopakiwa kwenye mikoba ya wanaanga.

15. Na vumbi?

Vichujio vya karatasi ya nyuzi za kioo, aina ileile ya vyumba vya upasuaji, hukamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Wanaanga huvifyonza kwa mashine mara kwa mara. Hapa hakuna maajabu.

## Dharura

16. Ni nini hasa kilichotokea Apollo 13?

Tangi la oksijeni lililipuka Aprili 1970 chombo kikiwa njiani kwenda mwezini. Watu 3 wakahamia kwenye chombo cha kutulia mwezini, kilichotengenezwa kwa watu 2 na siku 2 hivi, nao walihitaji siku 4. Oksijeni ilitosha. Makopo ya lithiamu hidroksidi hayakutosha. Kwenye chombo kikuu yalikuwepo mengi mapya, lakini yale yalikuwa ya mraba na matundu ya chombo kidogo yalikuwa ya mviringo.

Wahandisi wa Houston wakiongozwa na Ed Smylie walibuni kiunganishi kwa vitu vilivyokuwamo tu: mifuko ya plastiki, jalada gumu la kitabu cha maelekezo, bomba la suti na utepe wa gundi. Maelekezo yalisomwa kwa redio hatua kwa hatua, Jim Lovell na Jack Swigert wakayatekeleza, na kipimo cha hewa ukaa kikashuka. Kisa husimuliwa kwa kusifu ubunifu, na ni haki. Lakini swali gumu ni jingine: nani aliidhinisha makopo ya maumbo mawili kwenye safari moja?

17. Kitu cha kusafishia kinaweza chenyewe kuchafua hewa?

Kinaweza, na imetokea. Suti za kutembelea nje ya kituo hutumia makopo ya oksidi ya fedha, ambayo huokwa kwenye oveni maalumu kwa saa zipatazo 14 ili yaachie hewa ukaa. Mwaka 2002 uokaji wa namna hiyo ulitoa harufu kali, na wanaanga wakahamia upande wa Warusi na kufunga mlango hadi hewa ilipotulia. Kopo lilikuwa limenasa kila kitu kilichopita, na joto likaachia vyote kwa pamoja.

18. Kuna uchafu usiozuilika na vichujio?

Ule unaoingia ghafla. Julai 1975, mwisho wa safari ya pamoja ya Apollo na Soyuz, Wamarekani 3 walipokuwa wakishuka waliingiliwa na gesi ya naitrojeni tetroksidi kutoka kwenye injini ndogo za chombo. Walivaa barakoa za oksijeni na kuishia hospitali Honolulu, wakapona. Vichujio hufanya kazi kwa saa. Sumu kama hiyo hudai barakoa kwa sekunde.

## Maswali ya pembeni

19. Kwa nini wasipande miti tu?

Utafiti wa NASA wa mwaka 1989 ulionyesha mimea ya sufuriani ikiondoa kemikali kwenye visanduku vidogo vilivyofungwa, na tangu hapo wauza maua hawajanyamaza. Mapitio ya mwaka 2019 yalipiga hesabu kwamba kwenye jengo la kawaida ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi ya upepo wa kawaida.

Kwa hewa ukaa mambo ni tofauti kidogo. Kwenye BIOS-3, chumba kilichojengwa Krasnoyarsk huko Siberia mwaka 1972, watu waliishi hadi siku 180 wakitegemea mwani na ngano kwa oksijeni. Inawezekana, kwa gharama ya taa nyingi, umeme mwingi na watu wanaokuwa wakulima wa muda wote.

20. Vipi zile fuwele zilizoshinda Nobel?

Tuzo ya Nobel ya kemia ya 2025 ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa miundo ya metali na molekuli za kaboni yenye vyumba vikubwa ndani, baadhi ikiwa na eneo linalozidi mita za mraba 5,000 kwa gramu. Uzuri wake ni kwamba vyumba hivyo waweza kuvipanga utakavyo. Lakini rudi kwenye swali la 8 na la 9: itastahimili unyevu? Punje zake zitadumu bila kusagika? Kwa aina nyingi, unyevu ndio unaozibomoa.

21. Nikiweka mkaa chumbani usiku, utanisafishia hewa kama angani?

Mkaa wa jikoni haujaamilishwa, kwa hiyo hufanya kazi ndogo sana ya kunasa harufu. Ukiwashwa ni hatari: jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Hata mkaa amilifu wa daraja la juu hauikamati (swali la 12). Angani huondolewa kwa kichocheo. Nyumbani, jiko lilalie nje, na dirisha liwe wazi.